Kilizamkwe

Mama yangu hugandisha viazi ili vife.
Mimi hugandisha viazi ili viishi.
Mwaka wa nne sasa tunabishana kwa simu,
na mtandao wa milimani hukatika
kila ninapokaribia kushinda.

Mwezi wa sita, kwetu, juu ya Puno,
nyota zikiwa kali hadi zinauma meno,
Mama humwaga viazi kwenye nyasi, akaviachia sakitu.
Usiku kucha maji yaliyo ndani hugeuka sindano,
sindano hutoboa kuta,
na jua likipanda, kiazi kimelegea kama soksi iliyolowa.
Hapo huvua viatu. Hukanyaga.
Maji meusi humpenya katikati ya vidole.
Kinachobaki hukauka, chepesi kama kizibo,
hukaa ghalani miaka kumi bila kuoza.
Kukila, utakila. Kukipanda?
"Hata ukikiimbia," husema, "hakioti."

Mimi niko Lima, mji usiojua mvua,
ukungu tu, unaolowesha nguo kambani.
Nimeinamia hadubini, nakata ncha ya chipukizi,
ndogo kuliko chawa,
yenye majani mawili ambayo hayajajua kuwa ni majani.
Kisha napima sukari.

Sukari, Mama. Ile ile
uliyokuwa ukinificha juu ya kabati.
Leo shira nyepesi, kesho nzito kidogo,
keshokutwa nzito hadi kijiko kinasita.
Haiingii kwa fujo. Hubisha hodi,
nayo maji huanza kuaga, tone kwa tone,
kama wapangaji waliopewa notisi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
sukari huketi palipoachwa na maji,
huegemeza ukuta usianguke,
na baridi ikija na mikono yake ya kufuma sindano
haikuti uzi.
Maji yaliyosalia huduwaa, yakawa kioo
kisicho na ncha, kisicho na saa.

Nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri.
Nitrojeni hutoa moshi, huchemka kama chai ya wafu.
Nadumbukiza kipande cha karatasi ya bati,
juu yake vichipukizi kumi,
nami hunong'ona jambo.
"Nitrojeni haijui Kikechua," hunitania Ovidio.
"Wala Kihispania," namjibu. "Nyamaza."

Kisha ikaja ile baa ya mvua ya mawe,
na baada ya mawe, ukungu wa kuozesha majani.
Mama akashuka kwa basi, saa ishirini na mbili,
na viazi vitatu ndani ya shuka mgongoni, kama mtoto.
Kilizamkwe: cheusi, kina vinundu kama ngumi,
kile apewacho bibi harusi amenye
mbele ya mama mkwe, bila kupoteza nyama.
"Ndivyo vya mwisho," akasema.
Hakuniomba. Aliviweka tu juu ya meza yangu
akaangalia pembeni.

Nilikata vichipukizi arobaini.
Sitadanganya: ishirini na tisa viligeuka kahawia
baada ya kuyeyushwa, vikalala kimya kwenye vikopo
hata Ovidio akaacha utani.
Kumi na moja vilikawia. Wiki ya tatu
kimoja kikatoa kijani,
kijani cha aibu, cha kuomba radhi kwa kuchelewa.

Jana miche imefika Puno.
Nilipiga simu. Mama alikuwa anahema.
"Hivi vilikaa ndani ya baridi?"
"Miezi kumi na minne."
"Na sukari?"
"Na sukari."
Kimya. Nikasubiri mtandao ukatike;
haukukatika.

"Nusu nitaipanda," akasema hatimaye,
"na itakayozaa, nusu yake nitaikanyaga mwezi wa sita,
nikutumie ule."
Kisha, kama aliyekumbuka deni:
"Lakini nani atavimenya?
Kaka zako wameoa mjini.
Na wewe, Fermina, na hicho kisu chako kidogo,
bado hujaniletea mtu wa kumlia."